Fedha za umma na utafiti wa vifo vya bunduki Marekani: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili kwenye kliniki ya watoto katika mji mmoja wa Ohio. Mzazi akija mara ya kwanza hupewa fomu: chanjo, mzio, kiti cha mtoto kwenye gari, kisha karibu na sehemu ya kuweka sahihi, je, nyumbani kuna bunduki, na je, imefungiwa? Hapo ndipo kalamu husimama. Baba mmoja wa Uvira, mashariki mwa Kongo, aliniangalia kwa muda, akasema, "Mama, munganga (yaani daktari) anatafuta bunduki kwangu kwa nini?" Huko alikotoka, mtu mwenye karatasi ya ofisi akikuuliza habari za bunduki, kila jibu lina hatari yake.

Kumjibu sawasawa kulihitaji kueleza swali lile lilitoka wapi, nani alilipia utafiti ulio nyuma yake, na kwa nini kwa zaidi ya miaka 20 serikali ya Marekani ilikuwa karibu haiulipii kabisa. Tangu hapo nimeulizwa maswali haya kwenye korido, baada ya ibada na kwenye makundi ya WhatsApp. Nimeyakusanya hapa. Penye mabishano nimesema nasimama wapi.

Ni kweli Marekani ilipiga marufuku utafiti wa bunduki?

Hapana, ingawa utalisikia hilo kila mahali. Mwaka 1996 mbunge wa Arkansas, Jay Dickey wa chama cha Republican, alichomeka kipengele kwenye sheria ya bajeti. Kilisema fedha za kuzuia majeraha zinazopewa CDC, kituo cha taifa cha kudhibiti na kuzuia magonjwa, zisitumike kutetea wala kuhimiza udhibiti wa bunduki. Ni sentensi moja tu, na neno "utafiti" halimo.

Lakini haikuja peke yake. Bajeti hiyo hiyo ilikata dola milioni 2.6 kutoka CDC, kiasi kile kile ambacho kituo kilikuwa kimetumia kwa utafiti wa bunduki mwaka uliotangulia. Baadaye fedha zilirudi, ila zikiwa zimeshapangiwa kazi nyingine: majeraha ya ubongo.

Sasa jiweke kwenye kiti cha mkurugenzi. Mtafiti wako akigundua kwamba bastola ndani ya nyumba inaongeza hatari, na gazeti likaandika, je, umeshahimiza udhibiti? Mpaka uko wapi? Sheria haikusema, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuupima kwa bajeti ya ofisi nzima. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. CDC ikaacha karibu kila kitu chenye neno bunduki, pamoja na mambo ambayo sheria haikuyagusa.

Nini hasa kilimchokoza Dickey na wenzake?

Zilikuwa tafiti kadhaa, lakini inayotajwa zaidi ni ya Oktoba 1993, ya daktari Arthur Kellermann na wenzake, iliyolipiwa na CDC. Walichukua watu waliouawa majumbani mwao katika wilaya tatu, zenye miji ya Memphis, Seattle na Cleveland, wakamlinganisha kila mmoja na jirani wa jinsia, rangi na umri unaokaribiana. Walipata jozi 388. Baada ya kuondoa athari za mambo kama dawa za kulevya na ugomvi wa nyumbani, waliona kwamba kuwa na bunduki ndani kuliambatana na hatari ya kuuawa humo humo iliyo mara 2.7 zaidi. Hatari hiyo ilitokana zaidi na ndugu au mtu wa karibu kuliko jambazi wa usiku.

Kwa chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, matokeo hayo yalipiga penye mzizi. Watu wengi hununua bastola ili kulinda nyumba. Ukiwaambia kwa fedha za kodi yao kwamba chombo kile ndicho kinachowahatarisha, usitarajie wanyamaze.

Wapinzani walikuwa na hoja ya kweli, au ilikuwa nguvu ya NRA tu?

Nguvu ilikuwepo, na Dickey mwenyewe alikiri baadaye kwamba alikuwa mtu wa NRA bungeni katika suala hili. Lakini hoja pia zilikuwepo, na wanaozipuuza huwa hawajazisoma.

Ya kwanza ni ya kitaalamu. Utafiti wa kulinganisha jozi hauwezi kuthibitisha nini kilimfuata nini. Mtu anayetishiwa maisha anaweza kununua bastola kwa sababu anatishiwa, kisha akauawa na yule yule aliyemtishia. Bastola itahesabiwa kama dalili ya hatari ilhali hofu ndiyo iliyotangulia. Tena bunduki iliyoua si lazima iwe ile ya ndani ya nyumba. Haya ni maswali halali.

Ya pili ni kupima upande mmoja. Mtaalamu wa uhalifu Gary Kleck wa Florida alikadiria mwaka 1995 kwamba Wamarekani hutumia bunduki kujihami mara milioni 2.5 kwa mwaka. Dodoso la serikali kuhusu waathirika wa uhalifu hutoa makadirio ya chini sana kuliko hayo. Tofauti ni kubwa mno kiasi kwamba lazima mmoja amekosea vibaya. Ungetegemea wapenzi wa bunduki ndio wawe wa kwanza kudai fedha za kuimaliza kesi hii. Hawakudai.

Ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi. Mark Rosenberg, aliyekuwa akiongoza kitengo cha majeraha cha CDC, alinukuliwa mwaka 1994 akitamani bunduki zije zitazamwe na watu kama sigara zilivyokuja kutazamwa. Mtumishi wa umma anayesimamia utafiti akishasema anakotaka ufike, mwenye shaka amepewa sababu ya bure. Ila dawa ya refa anayependelea ni kumbadilisha refa. Huko Washington waling'oa magoli.

Lakini bunduki ni kazi ya polisi. Watu wa afya wanaingiaje?

Hili nimeulizwa na karibu kila mtu, na nadhani linatokana na kile tunachokiona kwenye habari. Mwaka 2021 bunduki ziliua watu 48,830 nchini Marekani. Kati ya hao, 26,328 walijiua. Yaani zaidi ya nusu ya vifo hivyo havina muuaji wa kukamatwa. Ni mzee mjane, askari mstaafu, kijana aliyeachwa na mchumba na anajua droo ya baba yake iko wapi. Polisi hufika kuandika ripoti. Mauaji ya halaiki shuleni na madukani, yanayojaza skrini zetu, ni sehemu ndogo sana ya hesabu hiyo.

Kuhusu watoto, mwaka 2020 bunduki zilizipita ajali za magari na kuwa chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa miaka 1 hadi 19.

Mfano ambao watafiti huupenda ni huo huo wa magari. Tangu 1975 serikali ina daftari la kila ajali ya barabarani iliyoua mtu: saa, barabara, mkanda, pombe, aina ya gari. Kutokana na takwimu za namna hiyo ilijulikana nini kinaokoa maisha na nini ni kelele, na vifo kwa kila kilomita vikashuka miaka hadi miaka. Hakuna aliyenyang'anywa gari.

Novemba 2018 NRA iliandika mtandaoni kwamba madaktari wabaki kwenye njia yao. Madaktari wa upasuaji wakajibu kwa picha: nguo za kazi zilizolowa damu, viatu vyekundu, kiti kitupu kwenye chumba kidogo ambacho wazazi huambiwa habari. Hii ndiyo njia yetu, wakasema. Chumba cha namna hiyo nimewahi kukaa, kati ya daktari na mama. Sina la kuongeza hapo.

Dola milioni 2.6 ni fedha ndogo kwa Marekani. Zingewezaje kuua fani nzima?

Kwa sababu mtafiti hali upepo. Chuo kikuu cha Marekani humwajiri mtu akitegemea kwamba ataleta ruzuku. Kwa ruzuku analipa wasaidizi, ananunua takwimu, anafundisha wanafunzi watakaomrithi. Fani ikishajulikana kwamba haina ruzuku, mwanafunzi mwenye akili huenda kwenye kisukari au saratani. Mwaka wa kwanza unapoteza miradi, mwaka wa kumi unakuwa umepoteza walimu. Garen Wintemute, daktari wa dharura wa Davis, California, aliendeleza kazi yake kwa kutoa zaidi ya dola milioni moja mfukoni mwake. Ni wangapi wanaweza hivyo?

Kisha woga ukaenea. Utafiti wa Philadelphia wa mwaka 2009, uliolipiwa kupitia NIH, yaani taasisi za taifa za afya, ulionyesha kwamba waliokuwa na bunduki walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kupigwa risasi. Bunge likajibu kwa kipengele kama cha Dickey, safari hii kikiifunga na NIH, katika bajeti ya 2012.

Mwaka 2017 watafiti wawili walilinganisha sababu kuu za vifo Marekani na fedha za utafiti ambazo kila moja ilipata kati ya 2004 na 2015. Kwa idadi ya vifo, bunduki zilistahili takriban dola bilioni 1.4. Zilipata milioni 22, sawa na asilimia 1.6 ya kilichotarajiwa. Ukitaka kipimo kingine, sepsisi, ule ugonjwa wa maambukizi kusambaa mwilini hadi viungo kushindwa, iliua watu wanaokaribiana kwa idadi. Fedha za bunduki zilikuwa asilimia 0.7 ya zile za sepsisi.

Kwa haki niseme: wizara ya sheria haikufungwa na kipengele hiki na iliendelea kulipia tafiti kadhaa za uhalifu. Ila kwake bunduki ni uhalifu, na wale 26,328 si wahalifu.

Mbona takwimu za vifo zipo kila mwaka? Si hizo ndizo utafiti?

Kuhesabu majeneza ni jambo moja. Hati ya kifo itakuambia umri, mahali na jeraha. Haitakuambia bunduki ilikuwa ya nani, ilinunuliwa lini, ilikuwa na kufuli au la, na marehemu alikuwa ameachishwa kazi wiki iliyopita au la. Mfumo wa CDC unaounganisha hati ya kifo na ripoti za polisi na za wachunguzi wa maiti ulianza mwaka 2002 na majimbo sita. Kuyafikia majimbo yote 50 kulichukua hadi 2018.

Na upande wa pili wa hesabu, yaani ni nyumba ngapi zina bunduki, ni giza zaidi. Dodoso kubwa la afya la CDC liliuliza hilo majimbo yote mwaka 2001, 2002 na 2004, kisha likaacha. Sheria ya 1986 inaikataza serikali kuu kuwa na daftari la wenye bunduki. Kipengele cha mwaka 2003, cha mbunge Todd Tiahrt, kiliwafungia watafiti taarifa za polisi kuhusu safari ya bunduki kutoka dukani hadi kwenye eneo la tukio.

Jimbo moja linalotunza kumbukumbu za ununuzi wa bastola, California, likaonyesha kinachowezekana. Mwaka 2020 watafiti walichapisha matokeo ya kufuatilia watu milioni 26.3 wa jimbo hilo. Wanaume wenye bastola walikuwa na uwezekano wa kujiua kwa bunduki mara nane zaidi ya wanaume wasio nazo. Wanawake, zaidi ya mara 35. Hapa lile pingamizi la "nini kilitangulia" lilipata jibu zuri zaidi kuliko mwaka 1993, kwa sababu tarehe ya kununua ilijulikana, na hatari iliendelea miaka mingi baadaye. Fedha zake zilitoka kwa wafadhili binafsi.

Nimesikia Dickey alijuta. Ni kweli?

Ni kweli, na ni kisa ninachokipenda kuliko vyote hapa. Rosenberg, yule wa maneno ya sigara, na Dickey walikutana wakiwa mahasimu, wakaanza kuzungumzia watoto wao, wakaishia kuwa marafiki. Julai 2012, siku chache baada ya watu kuuawa kwenye ukumbi wa sinema huko Aurora, Colorado, waliandika makala pamoja gazetini wakitaka utafiti wa bunduki ulipiwe kama wa magari ulivyolipiwa. Dickey alisema utafiti ungeweza kufanyika bila kugusa haki ya kumiliki silaha, na kwamba ulipaswa kuwa ukiendelea muda wote huo. Alifariki mwaka 2017. Kipengele chenye jina lake kimemzidi umri.

Obama hakufanya kitu?

Alijaribu. Mwezi mmoja baada ya watoto 20 na watu wazima sita kuuawa katika shule ya Sandy Hook, Desemba 2012, aliiagiza CDC irudi kwenye utafiti na akaliomba Bunge dola milioni 10. Bunge halikutoa. Amri ya rais bila fedha ni barua tu.

Nini kilibadilika baadaye?

Februari 2018 watu 17 waliuawa katika shule ya Parkland, Florida, na wanafunzi walionusurika hawakukubali kunyamaza. Mwezi uliofuata, maelezo yaliyoambatana na bajeti yalitamka wazi kwamba CDC inaruhusiwa kuchunguza chanzo cha ukatili wa bunduki. Ruhusa bila senti. Desemba 2019 ndipo fedha zilipopatikana: dola milioni 25, nusu CDC na nusu NIH, za kwanza kutengwa mahsusi kwa kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 20. Wademokrat walitaka milioni 50. Warepublikan walitaka kipengele cha Dickey kibaki, na kikabaki. Katika bajeti zilizofuata waliotaka kuongeza fedha hizo walishindwa, na waliotaka kuzifuta pia.

Fedha za umma zikilipia utafiti kama huu, zinaleta nini cha kushika mkononi?

Njoo Philadelphia. Watafiti wakiongozwa na Charles Branas, yule yule wa utafiti wa 2009, walichukua viwanja 541 vilivyotelekezwa: magugu kiunoni, matairi, magodoro. Kwa kura wakavigawa makundi. Vingine vilisafishwa, vikapandwa nyasi na miti michache na kuzungushiwa uzio mfupi wa mbao unaoweza kuuruka. Vingine viliokotwa taka tu. Vingine viliachwa kama vilivyo. Katika mitaa maskini zaidi, ukatili wa bunduki kuzunguka viwanja vilivyotengenezwa ulipungua kwa asilimia 29. Matokeo yalitoka mwaka 2018, na fedha za NIH na CDC zilikuwemo.

Hakuna bunduki iliyochukuliwa. Hakuna sheria iliyopitishwa. Ni mafyekeo na uzio. Hata anayelala na bastola chini ya mto hana cha kupinga hapo, na bila mtu wa kulipia miaka ya kuhesabu risasi mtaa kwa mtaa, nani angejua kwamba majani yana uhusiano na damu?

Kwa nini wasilipe matajiri, serikali iache?

Wanalipa. Mwaka 2018 mfuko wa matajiri Laura na John Arnold ulitoa dola milioni 20. Majimbo nayo: California ilitenga milioni 5 kwa kituo cha utafiti wa bunduki huko Davis, New Jersey ikaanzisha chake katika chuo cha Rutgers. Zimesaidia sana. Shida ni kwamba tajiri huchagua swali analolipenda na huweza kuchoka, na matokeo yakitoka, upande wa pili unauliza nani amelipa kabla haujasoma ukurasa wa kwanza.

Hali ikoje sasa?

Imerudi kuyumba. Juni 2024 daktari mkuu wa serikali, Vivek Murthy, alitangaza ukatili wa bunduki kuwa janga la afya ya umma. Machi 2025, chini ya serikali mpya, tamko hilo liliondolewa kwenye tovuti ya wizara. Aprili wafanyakazi wengi wa kitengo cha majeraha cha CDC waliachishwa kazi. Tarehe 8 Agosti mwaka huo huo mtu mwenye chuki na chanjo ya korona alimimina risasi kwenye majengo ya CDC mjini Atlanta, zaidi ya 180, na polisi mmoja akauawa.

Nikijibu swali la kwenye fomu, jina langu linakwenda serikalini?

Hapana. Jibu linabaki kwenye faili la mtoto, kama lile la mzio. Mbali na ile sheria ya 1986, sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 nayo ina kifungu kinachokataza mamlaka yake kutumika kutunza orodha ya wenye bunduki. Una haki ya kutojibu, na daktari ana haki ya kuuliza: Florida ilijaribu mwaka 2011 kuwazuia madaktari wasiulize, na mahakama ya rufaa ikalitupa katazo hilo mwaka 2017.

Ukiniuliza mimi, ugumu uko kwenye kutafsiri. Nikisema "silaha", mzazi anafikiria hadi panga la jikoni. Nikisema "bunduki", anaona AK begani kwa mwanamgambo. Kinachokaa kwenye madroo ya Ohio ni bastola, kwa hiyo husema "bunduki au bastola, hata ndogo", na kwa mkono naonyesha ukubwa.

Yule baba wa Uvira alinisikiliza mpaka mwisho, akasema niandike hapana. Kisha akauliza, "Na kwa jirani, kule mtoto anacheza?" Fomu haina kisanduku cha hilo. Tulikaa dakika tano tukitafuta maneno ya Kiingereza ya kumuuliza jirani bila kumuudhi, akayaandika nyuma ya kadi ya miadi.